Mzee Anakuja Kila Jumanne

6 Septemba

Kaka,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatizana. Wewe unasema ngoja nimalize, mimi nasema ngoja nimalize, mwisho anamaliza mwenye salio.

Kwanza habari njema. Nimepata chumba cha pili, kinaingiliana na changu kwa mlango wa ndani. Kitanda cha Chiriku kimeshafika, kimepungukiwa chaga mbili tu. Shule ya hapa jirani imekubali kumpokea darasa la saba mwezi Januari, ilimradi nipeleke uhamisho uliotiwa sahihi na mwalimu mkuu wa bweni lake la huko. Basi itakuwa kama tulivyokubaliana baada ya msiba wa baba yake: shule ikifunga tarehe 28 Novemba, nakuja kumchukua mwanangu. Wewe na wifi mmenibebea mzigo miaka miwili bila kunisimanga. Sijasahau.

Habari ya pili usicheke. Siku hizi nasali na Wamormoni. Wenyewe wana jina lao, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ila ukilitamka lote njiani mtu uliyekuwa ukimwambia ameshakunja kona. Mzee anakuja kila Jumanne jioni nikitoka kazini, na wiki nyingine Ijumaa pia. Ni mpole, anaona haya hata kuomba maji. Juzi alinieleza juu ya maagano, kwamba familia inaweza kuunganishwa na kifo kisiitenganishe. Nililia, kaka. Mzee akanipa leso yake, akatazama dirishani mpaka nilipomaliza. Ameniomba nichague siku. Nimemwambia naelekea kukubali. Nikishatulia, na Chiriku naye ataingia humo kidogo kidogo.

Chai nimeacha, maana kwao hainywewi. Kazini wanasema ndiyo maana nasaga vioo vya miwani kwa hasira.

Mdogo wako


15 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ya kwanza kama kaka, ya pili kama msahihishaji wa gazeti, ya tatu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake.

Huyo Mzee ni nani? Ana umri gani? Ana wake wangapi? Anataka uchague siku ya nini?

Siulizi kwa ubishi. Gazeti letu limeanza makala za kila Jumapili, "Nyuma ya Mlango wa Wamormoni". Sehemu ya kwanza imepita mikononi mwangu, nimeisahihisha mwenyewe, kila koma. Imeandikwa wazi kwamba waume wao huongeza wake kimyakimya, na kwamba mabinti hupangiwa wazee wangali wadogo. Sasa wewe, mjane, unaniandikia kwamba mzee anakuja chumbani kwako jioni, anakupa leso, anataka siku, na binti wa miaka kumi na miwili "ataingia humo kidogo kidogo". Ungekuwa wewe ungelala?

Nijibu swali kwa swali. Mpaka hapo, mpango wa tarehe 28 Novemba nauweka pembeni.

Wifi yako anakusalimu. Anasema aliyeacha chai hakosi kuacha na mengine.

Kaka yako


24 Septemba

Kaka,

Marehemu alipofariki hukuniuliza nalala na nani. Leo unauliza. Sawa, nitakujibu, lakini ujue umeniumiza.

Wake wengi hakuna. Walikuwako zamani, kanisa likaacha hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na leo mtu akioa wa pili anatolewa. Gazeti lako lingeuliza mtu mmoja tu lingejua. Lina wino wa kuandika sehemu ngapi, halina nauli ya kwenda kubisha hodi?

Mzee hana mke. Wala hatakaa hapa siku zote. Mwaka ujao anarudi kwao, na ataletwa Mzee mwingine mahali pake. Ndivyo wanavyofanya, mmoja akiondoka haachi nyumba bila mtu.

Siku nimeshaichagua. Ni Jumamosi tarehe 18 Oktoba. Nitavaa nyeupe, na Mzee ndiye atakayenishika mkono. Sina ndugu mwingine wa kusimama nami, kwa hiyo nakuomba uje na Chiriku. Mengine nitakueleza ukifika, maana kuna jambo moja naona vigumu kukuandikia.

Mpango wa tarehe 28 huuweki pembeni wewe. Mtoto ni wangu.

Mdogo wako


3 Oktoba

Mdogo wangu,

"Ataletwa Mzee mwingine mahali pake." Uliisoma sentensi hiyo kabla ya kufunga bahasha?

Sitakuja tarehe 18. Chiriku haji popote. Nimekwenda bwenini kumwona mwalimu mkuu, nimemwambia asimtoe mtoto kwa mtu yeyote isipokuwa mimi au wifi yako, hata akija na picha yake na machozi. Nimeuliza pia kwa mtu anayeijua dini hiyo kuliko sisi wote, na aliyoniambia sitayaweka kwenye karatasi.

Jambo unaloona vigumu kuniandikia, mimi nalijua tayari. Vunja siku hiyo, kisha tutazungumza.

Kaka yako


13 Oktoba

Kaka,

Daktari wa macho tunayemfanyia kazi hununua gazeti lenu Jumapili na kulileta dukani Jumatatu. Leo aliliweka kwenye mashine yangu ya kusagia, likiwa limefunuliwa. Sehemu ya tano: MJANE AOZWA KWA MZEE, WA KUMRITHI TAYARI. Chini yake: "Mjane huyo, fundi wa miwani, ataolewa tarehe 18 mwezi huu akiwa amevaa nyeupe. Mzee huyo akiondoka, ataletwa mwingine mahali pake." Na mwishoni, kwamba ana binti wa miaka kumi na miwili "anayeandaliwa".

Mji huu una duka moja la miwani. Duka lina fundi mmoja mwanamke.

Mchana aliingia mteja kuchukua miwani yake. Nilipotoka kumpima kama inamkaa masikioni, alirudi hatua nyuma, akasema ataivaa mwenyewe. Daktari ameniomba kwa wiki chache nibaki chumba cha nyuma. Amesema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa sikiliza. Mzee ni cheo. Wanawaita hivyo wamisionari wao wa kiume, hata awe hajaota ndevu. Huyu ana miaka kumi na tisa na chunusi za kipaji cha uso. Mwenzake ana ishirini, naye ni Mzee. Wanatembea wawili wawili, na hawaruhusiwi kuketi na mwanamke peke yake, ndiyo maana jirani yangu Mama Mapacha huja kukaa nasi na ufumaji wake. Wanatumika miaka miwili bila mshahara, halafu wanarudi kwao na wengine wanaletwa. Nimewaita Mzee, Mzee, mpaka nikasahau neno hilo lina maana nyingine kwenu.

Tarehe 18 ni ubatizo wangu. Hilo ndilo nililoshindwa kukuandikia. Uliniambia mwenyewe kwamba nilipobatizwa mchanga wewe ndiye uliyenibeba, na ulikuwa na miaka kumi ukiogopa kuniangusha. Nikaona nikikuambia narudia, utaona naitupa kazi yako.

Hilo la "ataletwa mwingine mahali pake" niliandika kwa mkono wangu, kwa mtu mmoja tu duniani. Ni nani aliyeisoma barua yangu?

Mdogo wako


21 Oktoba

Mdogo wangu,

Nilimwonyesha mwandishi wa zile makala. Sisi tunamwita Redio, kwa kuwa hazimwi. Nilitaka ushauri. Nilimkunjia barua aone mistari michache tu, na nilidhani ameisoma kama rafiki.

Lakini na wewe ungetaja umri nilipouliza, yote yangeishia hapo. Niliuliza swali la mtu mwenye akili, ukanijibu kwa kisirani.

Jana nilimfuata mezani kwake.

"Umechapa maneno ya dada yangu," nikamwambia.

"Nimechapa maneno ya mjane mmoja. Dada yako ana jina. Mjane hana."

"Huyo Mzee ana miaka kumi na tisa."

"Sisi tumeandika ana mingapi?"

Nikaangalia. Hatukuandika.

"Na kuozwa? Ni ubatizo."

"Umeambiwa na nani?"

"Na yeye mwenyewe."

"Kwanza alikuandikia nyeupe na kushikwa mkono. Leo kabadilisha. Nimwamini yupi?" Kisha akanipiga bega. "Bwana Koma, makala hii uliisoma wewe kabla haijaenda mitamboni. Ulisahihisha hata tahajia ya 'fundi'."

Ni kweli. Ilinijia bila kichwa cha habari, zimebaki dakika chache, na nikisahihisha sisomi habari, nasoma herufi.

Nilikwenda kwa mhariri kuomba masahihisho. Akasema masahihisho hutolewa kwa aliyetajwa, na hapa hakutajwa mtu. Asiye na jina hana cha kusafishiwa.

Kuhusu Chiriku, nipe muda. Barua zako mbili zinasema mambo mawili. Nataka kuona kwa macho yangu.

Kaka yako


25 Oktoba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila sabuni imeisha.

Nina swali. Kuna msichana wa darasa letu analetewa gazeti na dada yake. Amelisoma bwenini kwa sauti, juu ya kitanda cha juu. Wote wanajua mama yangu ni fundi wa miwani, nilijisifu mwenyewe muhula wa kwanza. Sasa wananiita Mke Mdogo. Matroni amewakataza, lakini akiondoka wananiuliza mume wangu ana meno mangapi. Nimempiga mmoja, nimepewa adhabu ya kufagia ukumbi. Sijutii.

Mjomba alikuja Jumapili ya kutembelewa. Hakukaa. Nilimuuliza kama ni kweli, akasema, "Kula mkate wako."

Sasa nakuuliza wewe. Ni kweli unanipeleka kwa mzee? Nijibu ndiyo au hapana. Usinieleze. Watu wakubwa wakieleza ninachanganyikiwa.

Mwanao, Chiriku


30 Oktoba

Chiriku,

Hapana.

Mama


10 Novemba

Mdogo wangu,

Juzi Jumamosi nilifika kwako. Hukuniona, ulikuwa kazini, na sikukusubiri. Nitakueleza kwa nini.

Niliingia uani bila kubisha. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo za watoto, kila kitu viwili viwili, nikajua ndiye Mama Mapacha. Vijana wawili wenye mashati meupe na tai walikuwa wamepindua baiskeli, wanarudisha mnyororo. Mmoja, yule mrefu, aliniona akainuka.

"Shikamoo," akasema, mikono nyuma kwa sababu ya grisi.

"Mzee," akaita Mama Mapacha, "mpe mzee kiti."

Nikageuka nione mzee wa kwanza ni yupi. Kijana akaingia ndani, akatoka na kiti.

"Wewe ndiye Mzee?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Mzee nani?"

"Wewe, mzee. Lakini hata mimi ni Mzee." Akanionyesha kibao kifuani. Kweli kimeandikwa hivyo.

Mama Mapacha alicheka mpaka akaangusha shuka mchangani. Nami nilikuwa nimesafiri usiku kucha na swali moja, nikaona siwezi kurudi nalo. Nikamuuliza ana wake wangapi.

Hakukasirika. "Hata mchumba sina," akasema. "Nilikuwa naye. Mwezi uliopita ameandika kwamba amepata mwingine." Mwenzake akamsogezea spana, kama mtu aliyeisikia habari hiyo kila siku.

Hawakuniuliza mimi ni nani. Mama Mapacha alijua, nadhani kwa pua, maana pua yetu ni moja. Aliniambia uliingia majini tarehe 18, na kabla ya kuingia ulitazama mlango mara nyingi. Hapo ndipo nilipoaga. Sikuwa na uso wa kukusubiri nao.

Jana nimemwandikia mwalimu mkuu. Nimemwambia katazo langu nimelifuta, makala ilikosea, tarehe 28 mama yake atakuja na atie sahihi uhamisho. Hilo nimelimaliza.

Kaka yako


17 Novemba

Kwa mjomba na mlezi wa mwanafunzi wa darasa la sita, bweni la wasichana

Ndugu,

Barua yako nimeipokea. Nasikitika kukujulisha kwamba sitatia sahihi uhamisho huo.

Mwezi uliopita ulisimama ofisini kwangu ukaniomba nisimtoe mtoto kwa mama yake, na ukatoa sababu. Siku tisa baadaye gazeti unalolifanyia kazi lilichapa sababu hizo hizo. Sasa unaandika kwamba zilikuwa neno moja lililoeleweka vibaya. Huenda ni hivyo. Mimi sina ugomvi na dini ya mtu yeyote, wala sijui ni toleo lako lipi la kweli. Lakini wazazi wa shule nzima wamesoma gazeti. Barua yako nimeisoma mimi peke yangu. Nikimtoa mtoto leo na kesho likatokea la kutokea, nitawaonyesha nini?

Lililoandikwa gazetini lifutwe gazetini. Likifutwa, nitatia sahihi siku hiyo hiyo. Lisipofutwa kabla ya kufunga shule, mtoto atakabidhiwa kwako, na suala hili nitalipeleka kwa afisa wa ustawi wa jamii.

Wako katika kazi,
Mwalimu Mkuu


19 Novemba

Mdogo wangu,

Naambatanisha barua ya mwalimu mkuu. Soma ukiwa umeketi.

Nimerudi kwa mhariri. Wimbo ni ule ule, hakuna jina, hakuna masahihisho. Nimemwomba basi anichapie kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, kama mtu wa barabarani. Akasema ukurasa huo nao unataka jina. "Ukiweka la dada yako," akasema, "nitaipeleka hata kesho. Itauzika."

La kwako sitaliweka. Nimemwambia ataweka langu, na kazi yangu chini yake. Akaniuliza kama nimefikiria watu watasemaje wakijua barua ya mtu ilifikaje mezani kwetu. Nikasema nimefikiria. Akaniuliza kama nimemwambia mke wangu. Nikasema bado.

Sina hakika kama ataichapa. Toleo la mwisho kabla ya kufunga shule ni la Jumapili, tarehe 23.

Kaka yako


Jumapili, 23 Novemba
BARUA ZA WASOMAJI

Mhariri,

Katika sehemu ya tano ya makala kuhusu Wamormoni, gazeti hili lilisema mjane mmoja anaozwa kwa mzee, na kwamba mzee mwingine ameandaliwa kumrithi. Hakuna ndoa. Mjane huyo alibatizwa. "Mzee" katika kanisa hilo ni jina la utumishi. Anayehusika ni kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hajaoa, na binti wa mjane hajaandaliwa kwa mtu yeyote.

Najua kwa sababu mjane huyo ni dada yangu. Maneno yaliyochapishwa aliniandikia mimi, kwa siri ya ndugu, nami nikayaonyesha chumba cha habari bila ruhusa yake. Kisha makala ilipita mikononi mwangu kabla ya kuchapwa. Nilisahihisha tahajia, nikaacha uongo.

Waandishi wetu wameandika sehemu tano juu ya watu hawa bila kuketi na hata mmoja wao. Mimi niliketi nao kwa muda wa kurudisha mnyororo wa baiskeli, na ulitosha.

Msahihishaji wa gazeti hili
(Jina kamili na anwani vimechapwa mwishoni mwa ukurasa kwa ombi la mwandishi.)


30 Novemba

Kaka,

Mwalimu mkuu ametia sahihi. Alikuwa amekata barua yako gazetini, akaibandika kwenye ubao wa matangazo wa bweni, mahali wanapobandika ratiba ya chakula. Wasichana walikuwa wanaisoma wakiwa na sahani mkononi. Yule msichana aliyewasomea wenzake gazeti alimbebea Chiriku sanduku mpaka getini.

Nasikia wamekuhamishia matangazo madogo, vyumba vya kupanga na mbwa waliopotea. Wifi alinipigia. Alilia kidogo, halafu akanitukana kidogo, halafu akaniuliza kama kweli maji ya ubatizo huwa yamepashwa moto. Nimemwambia hapana.

Daktari amenirudisha mbele. Wateja wengine wanakaa wapimwe, wengine bado wananyoosha mkono wapewe miwani yao kwa mbali. Hao hawakununua gazeti la Jumapili ile, au walinunua wakaishia ukurasa wa michezo. Sitamfuata kila mmoja nyumbani kwake.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Ni ya kiume, na ni ya kweli, na nilikuwa naihitaji wiki sita kabla. Yote matatu nayaweka pamoja, sijajua lipi litakaa juu. Mlango wangu haujafungwa. Ukija tena subiri mpaka nitoke kazini, usitoroke kama mdaiwa.

Chiriku yuko chumba cha pili, anapanga vitu vyake na kuvipangua. Tulisafiri kutwa nzima na hakunyamaza hata kwenye madaraja anayoyaogopa. Alinieleza aliyopitia bwenini, na anavyoona kuhusu dini yangu, na kuhusu wewe. Mengine yalinichekesha, mengine nilitazama nje.

Najua ungependa kuyajua. Alinieleza mimi, kaka. Sitakuandikia.

Mdogo wako